Tumkumbuke Makhan Singh, Mpiga Chapa

Kila mwaka Mei Mosi inapowadia, wafanyakazi wa mkoa wetu hutoka na mabango yao: walimu, wauguzi, watu wa reli, madereva na wahudumu wa ofisi za Serikali. Waandishi wa magazeti nao huwapo, lakini husimama kando ya barabara, kalamu na kamera mikononi, wakikusanya habari za maandamano ya watu wengine. Ni nadra kuwaona wakipita chini ya bango lao wenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na pengine msemo huo haujapata kumfaa mtu yeyote kama unavyomfaa mfanyakazi wa gazeti.

Katika mwezi huohuo wa Mei iko siku nyingine ambayo haina bango wala hotuba. Tarehe 18 Mei, 1973, mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, alifariki dunia Makhan Singh, mpiga chapa wa Nairobi na mmoja wa waasisi wa vyama vya wafanyakazi katika Afrika Mashariki. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini gazeti la uwanda huu wa kati lishughulike na mtu aliyezaliwa Punjab na kufanya kazi yake Kenya. Jibu letu ni kwamba mtu huyo alikuwa wa kazi yetu. Kwamba chama alichokiongoza kilibeba jina la Afrika Mashariki nzima. Na kwamba swali alilolijibu mwaka 1935 bado limekaa katika vyumba vyetu vya habari likingoja jibu. Swali lenyewe ni hili: mlango wa chama uwe wazi kwa nani?

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, huko Punjab. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, na sehemu hiyo leo imo ndani ya Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi. Alikwenda Kenya mwaka 1920 akafanya kazi katika reli, naye alikuwa mmoja wa mafundi waliojaribu mapema kuungana ili kutetea ujira wao. Mwaka 1927 Makhan alivuka bahari pamoja na mama yake, wakamfuata baba Nairobi. Kijana alisoma kwa bidii, akafaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London mwaka 1931, lakini hakuendelea na masomo. Baba yake alikwisha kufungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa, na mtoto akaingia humo kufanya kazi.

Wale wanaojua viwanda vya chapa vya zamani watakumbuka hali yake. Herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, mpangaji akisoma maneno kinyumenyume, mikono imejaa wino, masikio yamejaa kishindo cha mtambo. Kazi hiyo humfundisha mtu mambo mawili. Kwanza, kosa dogo likipita mezani pake litaonekana na mji mzima. Pili, karatasi moja iliyoandikwa vizuri hufika mahali ambapo mwenye kuiandika hawezi kufika kwa miguu yake. Makhan Singh aliyachukua mafunzo hayo yote mawili, akayapeleka katika chama.

Mwezi Machi 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi mjini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mwezi uliofuata, chini ya uongozi wake, chama kilibadili jina kikaitwa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, na sharti la uanachama likabadilishwa: kila mfanyakazi aweza kuingia, bila kujali taifa lake, dini yake wala rangi ya ngozi yake.

Ili kupima uzito wa uamuzi huo, hatuna budi kukumbuka jinsi mkoloni alivyopanga ngazi ya mshahara. Juu aliwekwa Mzungu, katikati Mhindi, chini kabisa Mwafrika. Na kila mmoja aliambiwa kwamba adui wa mkate wake ni yule aliye ngazi ya chini yake. Fundi Mhindi aliogopa kwamba akigoma, nafasi yake atapewa Mwafrika kwa ujira mdogo zaidi. Mwafrika naye alimwona fundi Mhindi kama kikwazo kati yake na ufundi. Mwajiri alikuwa salama katikati ya hofu hizo mbili. Kijana huyu wa kiwanda cha chapa alitambua kwamba hofu hizo zilikuwa hofu moja, na kwamba chama cha watu wa ngazi moja tu kitamlinda mwajiri kuliko kitakavyomlinda mwanachama.

Hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli wote. Kufungua mlango ni jambo moja, na watu kuingia ni jambo jingine. Katika miaka ya mwanzo wanachama wa chama kile walikuwa karibu wote mafundi wa Kiasia. Kubadili kifungu cha katiba hakukutosha kuwafanya Waafrika waamini kwamba chama kile ni chao. Ilihitaji kazi ya miaka. Matangazo ya chama yalichapwa katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo pamoja na Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiingereza, ili kila mtu aisome hoja kwa lugha anayoielewa. Ndipo ufundi wa chapa ulipogeuka silaha. Mnamo Julai 1939 Jesse Kariuki na George Ndegwa, ambao walikuwa viongozi wa chama cha Kikuyu Central Association, walichaguliwa kuingia katika kamati ya chama hicho. Ilikuwa imepita miaka minne tangu mlango ufunguliwe.

Katika miaka hiyo chama hakikukaa kikingoja. Mwezi Oktoba 1936 kilianzisha madai ya siku ya kazi ya saa nane. Mwaka 1937 kilipanua jina lake kikaitwa Chama cha Wafanyakazi cha Afrika Mashariki, kwa maana kwamba mfanyakazi wa Tanganyika na wa Uganda naye alihesabiwa kuwa ndugu. Mwaka huohuo mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62. Siku 62 ni muda mrefu kwa mtu anayelipwa kwa siku na mwenye watoto nyumbani. Mgomo huo ulileta nyongeza ya mishahara, na Serikali ya kikoloni ikatambua kwamba kuna chama ambacho hakitaondoka kwa kupuuzwa.

Mwishoni mwa 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India kujionea hali ya wafanyakazi wa huko. Mei 1940 alikamatwa na Waingereza waliotawala nchi hiyo, akawekwa kizuizini zaidi ya miaka miwili, kisha akafungiwa asitoke kijijini kwao hadi mwanzoni mwa 1945. Alipoachiliwa alirudia kazi ya karatasi na wino: alikuwa mhariri msaidizi wa gazeti la Jang-i-Azadi mjini Lahore. Kwa hiyo watu wa kazi yetu wanaweza kumdai mara mbili, kama mpiga chapa na kama mhariri.

Alirejea Kenya mwezi Agosti 1947 akakuta Afrika Mashariki imebadilika. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za vyakula na nguo, huku mishahara imelala palepale. Mnamo Januari mwaka huo Mombasa ilikuwa imesimamisha kazi zote, na Chege Kibachia alikuwa amejitokeza kuwaongoza wafanyakazi Waafrika. Wiki chache tu baada ya Makhan Singh kushuka melini, Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ule ulipanda pamoja na reli ya kati, kituo kwa kituo, ukaingia katika uwanda wetu. Watu wa reli wa Dodoma waliuingia. Na kule Kongwa, ambako Waingereza ndio kwanza walikuwa wameanzisha mpango wao mkubwa wa karanga, vibarua nao waliweka zana chini. Hatusemi kwamba Makhan Singh ndiye aliyeuleta mgomo huo, la hasha. Tunasema kwamba njaa iliyomsukuma kuli wa Dar es Salaam na kibarua wa Kongwa ndiyo iliyomsukuma fundi wa Nairobi, na ya kwamba hoja ya chama kimoja cha Afrika Mashariki haikuwa ndoto ya mtu mmoja mwenye kiwanda cha chapa.

Serikali ya Kenya ilijaribu kumfukuza nchini, naye akapigana nayo mahakamani akashinda. Mei Mosi, 1949 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh akiwa katibu mkuu. Miongoni mwa vyama vilivyoliunda shirikisho hilo kilikuwamo chama cha wapanga chapa wa Kenya, pamoja na vyama vya washona viatu, washona nguo na watu wa uchukuzi. Jambo hili lingestahili kuandikwa ukutani katika kila kiwanda cha magazeti: wakati wafanyakazi wa Afrika Mashariki walipoweka msingi wa umoja wao, watu wa chapa walikuwapo tangu siku ya kwanza. Hawakuwa wamesimama kando ya barabara.

Serikali ilikataa kuliandikisha shirikisho hilo. Tarehe 23 Aprili, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni mjini Nairobi, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi akatoa hoja kwamba nchi zote za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wakati ule wengi waliotaka mabadiliko waliomba viti vichache katika mabaraza ya kutunga sheria. Yeye aliomba nyumba nzima. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaenea katika miji mingine, lakini viongozi wao hawakurudishwa.

Alipofikishwa mbele ya hakimu alikiri waziwazi kwamba yeye ni mkomunisti na kwamba hautambui utawala wa Kiingereza kuwa wa haki. Hapo ndipo kilipoanza kizuizi chake cha zaidi ya miaka 11: kwanza Lokitaung, katika jangwa la kaskazini mwa Turkana, baadaye Maralal, kisha Dol Dol. Zaidi ya mara moja aliambiwa kwamba angeachiwa iwapo angekubali kuondoka Kenya. Alikataa. Alishikilia kwamba Kenya ndiyo nchi yake, na kwamba mtu hanunui uhuru wake kwa kuikana nchi yake. Alitoka kizuizini tarehe 22 Oktoba, 1961. Alikuwa ameingia kijana wa miaka 36, akatoka mtu mzima wa miaka 47.

Ingetazamiwa kwamba uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mtu wa namna hii angepewa kiti cha heshima. Hakupewa. Wakubwa wa Serikali mpya hawakumhitaji, na wengi wa wale waliofaidi matunda ya chama hawakumjua. Wapo ambao wangegeuka wachungu, wakatumia miaka yao iliyobaki kuhesabu fadhila zilizosahauliwa. Yeye alirudi katika karatasi. Alikuwa amehifadhi kumbukumbu za mikutano, barua, matangazo na orodha za madai, na kutokana nazo aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, kitabu kilichotoka mwaka 1969. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1980, baada ya yeye kufa. Anayekisoma kitabu hicho atashangaa kuona jinsi mwandishi anavyojizungumzia kidogo. Amejaza kurasa kwa majina ya watu wengine, tarehe za migomo na viwango vya mishahara. Kwake historia ya chama ilikuwa daftari la wanachama.

Nchini kwetu mambo yalichukua njia yake. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Mwaka 1960 watu wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na vituo vya uwanda wetu vikanyamaza. Mwaka 1964 vyama vyote vilivunjwa na NUTA ikawa chama pekee. Ikafuata JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991. Umoja huo wa kutoka juu ulileta manufaa yake, lakini pia ulimzoesha mfanyakazi kungoja chama kimjie, kama anavyongoja mvua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilirudisha jambo hili mikononi mwa wafanyakazi wenyewe. Mkutano wa wafanyakazi 20 unatosha kuanzisha chama.

Wafanyakazi 20! Tuliangalie sasa gazeti. Yuko mhariri, yuko mwandishi mwenye ajira ya kudumu, yuko msanifu wa kurasa, fundi wa mtambo, dereva anayeondoka usiku na vifurushi, na muuzaji anayekimbia kituoni kabla ya mabasi kuondoka. Zaidi ya hao wote yuko mwakilishi wa wilayani, wa Mpwapwa au Kondoa, wa Manyoni au Bahi, ambaye hulipwa kwa kila habari iliyochapwa na hapati kitu kwa ile iliyokosa nafasi. Nauli ni yake, simu ni yake, na akiugua ugonjwa ni wake. Yeye ndiye anayetuletea habari za njaa, za visima na za barabara zilizokatika. Siku ya kuhesabu wafanyakazi, mara nyingi yeye hahesabiwi.

Hii ndiyo ngazi ya siku zetu. Haikupangwa kwa rangi, lakini inafanya kazi ileile. Mwenye ajira ya kudumu huogopa kudai, kwa sababu anajua wako wawakilishi wengi watakaokubali nafasi yake kwa malipo madogo. Mwakilishi naye humwona mwenye ajira kama mtu aliyemzibia njia. Na chama kitakachoundwa na wenye ajira peke yao kitakuwa kile chama cha mwanzo cha Nairobi kabla ya Aprili 1935: chama cha ngazi moja.

Wapo watakaosema kwamba mwakilishi si mwajiriwa bali mtu anayejitegemea. Wasomeni sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haitazami jina aliloitwa mtu. Inatazama hali yake: kama kazi yake inaongozwa na mwingine, kama riziki yake inamtegemea huyo, kama amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ikiwapo mojawapo ya dalili hizo, hudhaniwa kwamba yeye ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aidha, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka kila mwenye chombo cha habari awawekee bima na hifadhi ya jamii wale wanaomfanyia kazi ya habari. Vifungu vipo. Lakini kifungu ni kama katiba ile ya 1935: hufungua mlango, hakimsukumi mtu kuingia.

Tunaamini, kwa hiyo, kwamba heshima inayomfaa Makhan Singh si sanamu wala jina la mtaa. Ni daftari. Wafanyakazi wa magazeti wa uwanda huu na waanze kwa kuandikana majina, kutoka chumba cha habari hadi kwa mwakilishi wa kijiji cha mwisho, bila kuulizana nani ana mkataba na nani hana. Waandike kila mmoja analipwaje, tangu lini, na kwa kazi ipi. Waweke kumbukumbu za kila mkutano, hata ule wa watu saba chini ya mti. Na waajiri nao wajue kwamba mfanyakazi mwenye chama si adui wa gazeti. Mwandishi asiyeogopa njaa ndiye anayeweza kumkatalia mwenye bahasha.

Kazi hiyo haitakamilika kwa msimu mmoja. Yeye mwenyewe alihitaji miaka minne kumleta Mwafrika wa kwanza katika kamati, siku 62 kupata nyongeza, na zaidi ya miaka 11 ya jangwa kwa neno moja alilolisema Kaloleni. Lakini majina 20 yaweza kupatikana kabla ya Mei Mosi ijayo.